Uzi wa wakereza mbao Tanga: maonyesho ya mwezi huu (kunoa, bakuli la mwembe, patasi ya mshazari)

Mkereza wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta yaliyojiri kwenye kikao cha wakereza kwa faida ya waliokosa na walio mbali. Kwa wageni wa jukwaa: hatuna jina wala katiba. Ni mafundi na wapenda kukereza (kuchonga mbao ikizunguka kwenye mashine) wa hapa Tanga mjini, tunakutana mara moja kwa mwezi kwenye karakana ya mwenzetu Ngamiani. Mmoja anasimama kwenye mashine, wengine tunatazama, tunauliza, tunabisha. Kiingilio ni kipande cha gogo. Sharti ni moja tu: anayeonyesha lazima aanze kwa kunoa mbele ya watu. Hakuna kuja na patasi uliyoinoa nyumbani ukatuonyesha maranda yanavyoruka.

Sharti hili lina manung'uniko tangu liwekwe. Vijana wamekuja kuona bakuli, wanaonyeshwa jiwe. Mimi nalitetea kwa meno yote. Kwenye karakana nyingi ninazopita mjini hapa, mikono ya mafundi haina tatizo. Tatizo ni chuma butu kinachosukumwa kwa nguvu, halafu msasa unatumwa kufuta dhambi.

Zamu ilikuwa ya fundi wa miguu ya vitanda kutoka Makorora. Bobari yake (patasi yenye mfereji) imefuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari. Alianza kwa kupaka wino wa kalamu nene nyeusi kwenye ule mteremko wa makali, akaigusisha kwenye jiwe la mashine ya kunolea mara moja, akatupitishia tuone. Wino ulikuwa umetoka kisiginoni tu (nyuma ya mteremko, mbali na makali), nchani bado mweusi. Maana yake angenoa mpaka magharibi na makali yasingeguswa. Akainua mpini kidogo, akapaka tena, akagusa tena, mpaka wino ukatoka wote kuanzia kisigino hadi ncha. Hapo ndipo alipoanza kunoa kweli, anaiviringisha taratibu bila kukandamiza. Cheche zilipoanza kupita juu ya makali akaacha. Kuendelea baada ya hapo ni kula chuma bure.

Springi ni chuma cha kaboni. Ncha ikigeuka rangi ya bluu, ugumu umekwisha pale, na huna budi kuisaga sehemu yote ya bluu mpaka iishe. Ndiyo maana kopo la maji lilikuwa pembeni na alikuwa akichovya kila mara. Wenye patasi za HSS za dukani (chuma maalumu cha kukatia kwa kasi) bluu isiwatishe sana, chuma kile kinavumilia joto. Ila msikitose kwenye maji kikiwa cha moto sana, kinaweza kuingia nyufa ndogondogo msizoziona.

Pembe alizotupa: digrii 30 hadi 40 kwa bobari ya miguu na nguzo, 45 hadi 60 kwa bobari ya mabakuli. Pembe kali kama ya miguu ukiiingiza ndani ya bakuli, mteremko hauwezi kufuata tumbo la bakuli hadi chini, unaachia njiani.

Kisha akafunga kipande cha mwembe na kukikata kwa bobari mbili, moja butu aliyoiazima kwa makusudi, nyingine ile aliyoinoa. Butu ilitoa unga na mlio wa kukwaruza. Ile kali ilitoa maranda marefu na mlio mwembamba unaoendelea bila kukatika. Kijana mmoja wa VETA akaambiwa ageuke ukutani, aseme kwa kusikia tu ni bobari gani inayofanya kazi. Hakukosea hata mara moja.

Naendelea chini na bakuli lenyewe. Nauliza tu, kuna aliyerekodi video?

---

Mgosi wa Muheza

Mkuu asante kwa nondo. Mie huku natumia mitiki ya Longuza, vipande vinavyobaki kwa wapasuaji. Nanoa, nakata kidogo tu, makali yamekwenda. Nikikata mwembe kwa bobari ileile nafanya kazi hadi adhuhuri. Chuma changu kibovu au mti ndio mkorofi?

---

Mkereza wa Ngamiani

Mgosi, mti ndio mkorofi. Mtiki una silika ndani yake, ni sawa na kukata mbao iliyochanganywa na mchanga laini. Hakuna ujanja ila kunoa mara kwa mara, na kama una HSS itumie hapo, springi ibaki kwa mwembe na mfenesi. Jambo la pili kuhusu mtiki: una mafuta. Ukitaka kuunganisha kwa gundi, futa uso kwa spiriti au thina kwanza, subiri ukauke, upake gundi hapohapo. Ukilala na kupaka kesho yake, mafuta yameshapanda tena.

---

Kinoo

Uzi bila picha ni sawa na tetesi. Tupia picha mkuu.

---

Mkereza wa Ngamiani

Kinoo, picha zinakuja kijana akipata bando. Sasa bakuli.

Gogo la mwembe bichi, inchi 10. Hakuwa na kishikio cha taya nne (kifaa cha kubana mbao kwenye mashine), na hilo nililipenda kwa sababu wengi wetu hatuna. Alitumia sahani ya chuma yenye skrubu. Kwanza alituonyesha njia ya mbao kavu: alikata kipande cha mbao taka, akakifunga kwenye sahani kwa skrubu, akapaka gundi, akaweka gazeti, akapaka gundi tena, akabandika kitako cha mbao ya bakuli. Kazi ikiisha unaingiza patasi pana kwenye mstari wa gazeti, unagonga mara moja, vinaachana. Kitako hakina tundu hata moja la skrubu. Angalizo alilolirudia: hii ni kwa mbao kavu, gundi ya maji haishiki vizuri kwenye mbao bichi. Kwa lile gogo bichi skrubu ziliingia kwenye mbao yenyewe, upande ambao baadaye utachimbwa na kutupwa kama maranda.

Namna ya kukata, hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Patasi inagusa egemeo (chuma cha kuilazia patasi mbele ya mbao) kwanza, kabla ya mbao. Halafu mteremko wa makali unagusa mbao ukiwa unateleza tu, haukati kitu. Halafu unainua mpini polepole mpaka maranda yaanze kutoka. Kwa mpangilio huo, siku zote. Anayeanza na ncha, mbao inaikamata, patasi inanasa, na hapo lolote linaweza kutokea. Kiwiliwili ndicho kinachosogea, mikono imebana ubavuni. Watu walikuwa wakitazama ncha. Yeye akasimamisha mashine, akasema tazameni magoti yangu.

Mwelekeo: bakuli kwa nje unakata kutoka kitakoni kuelekea mdomoni, yaani kutoka kwembamba kwenda kupana. Kwa ndani unatoka mdomoni unakwenda katikati. Kwa hivyo kila uzi wa mbao unaokatwa una mwenzake chini yake wa kuushikilia. Ukienda kinyume, nyuzi zinang'oka, na zinang'oka sehemu mbili zilezile kila mzunguko, pale unapokutana na vichwa vya nyuzi, yaani ncha zake zilizokatwa. Kwa mguu wa kitanda sheria ni ya kushuka mlima: toka kwenye unene nenda kwenye wembamba, hapana kupanda.

Na jambo ambalo karibu liletee mtu kilema karakana moja hapa mjini: ile bobari pana ya kuchonga gogo la mraba liwe mviringo, ya kazi za nguzo, isiingie kwenye bakuli. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba. Kwenye bakuli inanasa na kukatikia hapo.

---

Mwenye Karakana

Naomba niwe mkweli, mnisamehe. Mimi nina karakana yangu na watoto wanaokula kwa mashine hii. Nimejifunza kwa marehemu baba miaka mingi, nikifagia maranda kabla sijaruhusiwa kugusa hata mkanda. Leo nikapande jukwaani, nimwonyeshe kijana wa mtaa wa pili namna ninavyotoa shanga (vile vivimbe vya mviringo) kwenye mguu wa kitanda, kesho aweke bei ya chini kuliko yangu? Huko ni kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Hobi ni hobi, biashara ni biashara.

---

Mkereza wa Ngamiani

Mkuu nakuheshimu na hoja yako si ya kijinga. Hata London wakereza walikuwa na chama chao cha kulinda kazi, na Mfalme James I akakipa hati mwaka 1604. Ila tazama ufundi wenyewe umekwenda wapi. Marekani wakereza waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1986, Uingereza mwaka 1987, na vyote vinasimama juu ya vikundi vidogo vya mitaani ambavyo kazi yake kubwa ni hii ya kuonyeshana. Siku hizi wanafunga kamera juu ya mashine ili aliye nyuma aone ncha ya patasi. Sisi tumening'iniza kioo cha kabati, kinatosha.

Na siri unayoilinda, mkuu, imeshakutoka. Kijana ana simu, anaona shanga zikitolewa na mtu wa Australia. Anachokosa ni mtu wa kumwambia "umeinua mpini mno, shusha". Hicho video haimpi. Nawe ukija, hutoki mikono mitupu. Fundi wa Makorora mwenyewe aliondoka na mbinu ya kukausha ambayo hakuwa nayo.

---

Mwenye Karakana

Nitafikiria. Sijasema nakuja.

---

Bi Randa wa Dunda

Assalaam alaykum. Niko Bagamoyo, nauza vitu vya mbao kwa wageni, na nimechoka kununua kwa wengine. Shemeji yangu ameniundia mashine ya kukereza kwa mota ya pampu, mkanda umeunganishwa moja kwa moja, puli mbili zinalingana. Mota imeandikwa 1,440. Nimefunga kipande cha mkorosho cha inchi 12, mashine ikaanza kutembea sakafuni nikazima. Je, ni mashine mbaya? Pia naomba ushauri wa mavazi, mimi navaa ushungi na khanga.

---

Mkereza wa Ngamiani

Waalaykum salaam dada yangu. Umefanya jambo la maana kuizima. Usiiwashe tena na kipande hicho mpaka usome hapa.

Kipimo tunachotumia: kipenyo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kwa inchi 12 ni mizunguko 500 hadi 750. Wewe ulikuwa na 1,440, karibu mara mbili ya kiwango cha juu. Ukingo wa kipande chako ulikuwa ukikimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kikichomoka kwa mwendo huo, hakuna cha miwani hapo.

Dawa ni puli. Weka ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye mashine, unapata 720. Ukipata ya inchi 2 na nusu kwenye mota na 7 kwenye mashine, unashuka hadi karibu 515, na hiyo ndiyo ya kuanzia kwa gogo ambalo halijawa mviringo. Mwombe shemeji akuwekee puli za ngazi ili uhamishe mkanda kulingana na kazi, kwa sababu kwa kitu kidogo cha inchi 3 utahitaji 2,000 na kuendelea. Mashine nayo ifungwe sakafuni kwa bolti, au iwekewe mifuko ya mchanga chini. Na kata pembe za gogo kwa msumeno kabla ya kulifunga. Gogo lililosawazishwa nusu ya mtetemo umeisha.

Kila unapofunga kitu: egemeo lisogee karibu, milimita 5 hivi, kisha zungusha kwa mkono mzunguko mzima kuhakikisha hakuna kinachogusa. Ndipo uwashe, ukiwa umesimama pembeni, nje ya njia ambayo kipande kingerukia. Kinga ya uso mzima, ile ya plastiki. Miwani peke yake haizuii gogo.

Mavazi: ushungi ufungwe nyuma, ncha zake zote ziingie ndani ya vazi, au vaa kofia ya kubana kichwa. Khanga iache mlangoni, vaa aproni iliyobana. Mikono ya nguo ikunjwe juu ya viwiko. Bangili, pete, mkufu, vyote vivuliwe. Glavu usivae kabisa, wengi wanadhani ni kinga, lakini ikishikwa na mashine inakwenda na kidole. Haya hayakuhusu wewe peke yako: mzee mmoja alikuja kikaoni na kanzu, tukampa kiti mstari wa nyuma kwa heshima zote.

---

Bi Randa wa Dunda

Allah akulipe kaka. Shemeji amesoma, ameguna, amekwenda kutafuta puli.

Swali la pili: huku napata vipande vya mpingo vilivyobaki kwa wachongaji. Vinafaa?

---

Babu Tezo

Hamjambo wanangu.

Nimesoma yote kimya. Kuhusu mpingo nitakujibu mimi, binti. Unafaa sana, lakini uanze na vitu vidogo: vishikio vya funguo, mipini, vikombe vya mayai, vifuniko. Mpingo ni mzito, unazama majini, mita ya ujazo inapita kilo 1,200. Wazungu wanautafuta kwa klarineti na obo kwa sababu unakatika safi hata tundu likiwa jembamba, na hausumbuliwi sana na unyevu wa pumzi. Lakini unakauka kwa uchungu. Kipande kinene kinaweza kuonekana kizima leo na kupasuka baada ya kukifungua. Pendelea vipande vya zamani, vilivyokaa. Ile mbao nyeupe ya nje ni nyembamba, ukiiacha kidogo mdomoni pa kikombe inapendeza. Usiharakishe, joto la msasa linaupasua.

Na mzigo wa mpingo usiubebe hivihivi barabarani. Dai risiti kwa unayemnunulia, na ukivuka na mzigo uwe na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Watu wamenyang'anywa mali hata kwa vipande vya kujaza kiroba.

Vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Funga pua barabara. Msichukulie mzaha: wataalamu wa saratani wa IARC, walio chini ya Shirika la Afya Duniani, waliliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, ya pua hasa. Sisi tulipokuwa vijana tulijifunga leso tukaona tumemaliza.

Sasa kwa mwanzisha uzi. Umesema patasi ya mshazari kwenye kichwa cha habari, mbona hujaigusa? Hiyo ndiyo inayotenganisha fundi na msukuma chuma. Tulikereza nayo miguu ya samadari na misuruaki ya mitalawanda (vigingi vya viatu vya mbao) kwa mashine ya kukanyaga, hakuna umeme, na msasa ulikuwa anasa. Mguu ulitoka kwenye patasi uking'aa.

---

Mkereza wa Ngamiani

Shikamoo Babu. Nilikuwa nakusubiri wewe, kusema kweli. Fundi wa Makorora aliionyesha mwishoni, muda ukiwa umekwisha, ikanasa ikaacha mtaro unaozunguka kama skrubu kwenye mguu mzima. Watu wakacheka, naye akacheka. Tueleze wewe.

---

Babu Tezo

Marahaba mwanangu.

Inanasa kwa sababu moja tu: mbao imegusa nusu ya juu ya makali. Patasi ya mshazari ina ncha ndefu na kisigino kifupi. Unapolainisha mguu, ncha ndefu iwe juu, na sehemu inayokata iwe kutoka katikati ya makali kushuka kisiginoni. Mbao ikishagusa juu ya katikati, inaipindua patasi kabla hujasema bismillahi.

Ilaze juu kabisa ya mguu kwanza, mteremko ukiwa unateleza bila kukata. Irudishe nyuma polepole, mpini ukipanda, mpaka uzi mwembamba wa randa uanze. Ukiupata, usibadilishe chochote, tembea nao. Mkono wa mbele hauna kazi ya kushindilia, kidole gumba kinaegemea tu. Na usianzie mwisho wa mguu ukiingia ndani, anza ndani kidogo utokee nje, la sivyo itadaka ncha za nyuzi na kupasua.

Shanga ni kitu kingine. Pale unatumia kisigino, na mpini unazunguka kwa kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kitasa. Piga alama kwa penseli katikati ya shanga, alama hiyo usiiguse kamwe, shusha kushoto, shusha kulia. Msonobari wa kuchezea unatosha kwa mazoezi, ni mwepesi na unaadhibu kila kosa.

---

Mgosi wa Muheza

Babu umenitoa tongotongo. Mie yangu niliiweka kando nikawa nafungulia makopo ya rangi.

---

Kinoo

Nina swali la uchokozi. Kuna hizi patasi zenye kijiwe cha kabaidi, kipande kinafungwa kwa skrubu, kikichakaa unakizungusha upande mwingine. Hakuna kunoa, hakuna wino, hakuna kopo la maji. Mnahangaika nini?

---

Mkereza wa Ngamiani

Nilijua litakuja. Sizikatai, hata kikaoni ipo moja. Kwa mtiki na mpingo zinadumu vizuri, na kwa anayeanza hazitishi kama bobari. Lakini nyingi zinakwangua, hazikati kwa kuegemea mteremko. Kwenye mwembe laini au mnazi zinaacha nyuzi zimesimama, na hapo ndipo msasa namba 80 unapoingia kazini mpaka jioni. Halafu vile vijiwe vinaagizwa. Kikiisha siku una oda ya mtu, unampigia nani? Springi ipo kila gereji.

Na neno kwa wanaotengeneza patasi kutokana na tupa kuukuu: tupa ni ngumu mno, haikubali kupinda, inavunjika vipande. Isipopunguzwa ugumu kwa moto na mtu anayejua, usiisogeze kwenye mashine. Springi inapinda kwanza kabla ya kukatika, ndiyo salama.

Msasa wenyewe, kwa kuwa tumeutaja: 120, 180, 240, 320. Usiruke kutoka 80 hadi 240, mikwaruzo ya mwanzo itabaki na utaiona siku ya kupaka mafuta. Mashine izime kabla ya kufuta vumbi, na ukipaka mafuta huku inazunguka tumia karatasi laini, kitambaa kikishikwa kinakuvuta mkono.

---

Mpemba wa Dodoma

Wakuu, mimi ni mnunuzi si fundi. Nilinunua bakuli zuri sana la mwembe huko pwani, nikalileta Dodoma. Limepasuka mdomoni hadi katikati. Nimeibiwa?

---

Mkereza wa Ngamiani

Hujaibiwa mkuu, umeuziwa bakuli lililokauka kwa hewa ya pwani. Mbao haikauki ikamaliza, inalingana na hewa ilipo. Hewa yetu ina unyevu, ya kwenu kavu, kwa hiyo bakuli lilipofika huko likaanza kukauka upya, na mdomo mwembamba ukatangulia.

Hii ndiyo mbinu ambayo fundi wa Makorora aliondoka nayo. Gogo bichi linakerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unaacha ukuta mnene, moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la inchi 10 ukuta inchi 1, unene sawa kila mahali. Kiini cha mti kisibaki ndani ya bakuli, ufa unaanzia hapo. Paka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwenye vichwa vya nyuzi, ingiza bakuli kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake mwenyewe, weka kivulini mahali pasipo upepo. Andika uzito kwa kalamu kwenye kitako. Peleka kwa muuza duka lipimwe kila baada ya muda. Uzito ukiacha kushuka limekauka, na kama ni masika usitegemee litafika mapema. Litakuwa limepinda kama yai, hiyo ndiyo kazi ya ule unene ulioacha: unalirudisha kwenye mashine na kulikereza mara ya pili liwe mviringo.

Ukiliuza kwa mtu wa bara, liache limekaa zaidi. Sisi tunaoza haraka kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

---

Mgosi wa Muheza

"Tunaoza haraka" au "tunauza haraka" mkuu? 😂

---

Mkereza wa Ngamiani

Simu hii jamani. Tunauza.

---

Bi Randa wa Dunda

Mafuta gani ya kupaka bakuli la chakula? Mimi nimekuwa nikitumia ya alizeti.

---

Babu Tezo

Ya alizeti yanaganda nusunusu, bakuli linanata na kushika vumbi. Yeyusha nta ya nyuki, asali ya Handeni ina nta yake nzuri, changanya na mafuta ya parafini yale meupe ya dawa, si ya taa, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta. Pasha kwa maji ya moto, usiweke sufuria ya nta juu ya jiko moja kwa moja.

Wanaotumia mafuta ya katani ya kuchemshwa, yale yanayouzwa kwa kupakia madirisha: hayo si ya chakula, yamewekwa dawa za kukausha. Na matambara yake yatandazwe nje, kila moja peke yake, yakauke. Yakikunjwa na kutupwa kwenye kona yanapata moto yenyewe bila kiberiti. Karakana zimeungua hivyo.

---

Mkereza wa Ngamiani

Babu nadhani ni ya kitani, mbegu za kitani. Ya katani sisi Tanga tunayo mashamba tele lakini hayatoi mafuta.

---

Babu Tezo

Kitani, kitani. Mji huu mtu hawezi kuandika neno hilo bila mkono kuteleza kwenda mkonge.

---

Mwenye Karakana

Kikao kijacho ni lini? Sisemi nakuja. Nauliza tu kama mna mashine inayochukua mguu wa futi nne, maana shanga za mfululizo haziwezi kuonyeshwa kwenye kijimguu cha stuli.

---

Mkereza wa Ngamiani

Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya adhuhuri. Mashine inachukua futi nne na nusu, mkia wake una beringi mpya. Jiwe la kunolea lipo, kopo la maji lipo. Sharti unalijua mkuu.

---

Mwenye Karakana

Nitakuja na jiwe langu. Lenu siliamini.

---

Bi Randa wa Dunda

Nami nikijaliwa nitapanda basi kupitia Msata. Nina gogo la mwarobaini limekatwa juzi uwanjani kwetu, nilete kama kiingilio? Nilipasue kwanza au nilete zima?

---

Mkereza wa Ngamiani

Lete dada, karibu sana. Lipasue katikati ya kiini leo hii, usingoje, likibaki zima litajipasua lenyewe njia linayotaka. Vichwa vyote upake nta au hata gundi nyeupe ya mbao, ufunge kwenye kiroba na maranda kidogo. Kwenye basi liweke chini ya kiti, kule kwenye buti kuna joto la injini.